Makombo ya Msumeno Butu

Saa tatu na dakika kumi asubuhi kanda ya kumi na saba iliwekwa mezani, na kitu cha kwanza fundi alichokiona ni kwamba skrubu moja kati ya tano haikuwepo. Cha pili kilikuwa mwandiko.

Ulikuwa mwandiko wa kaka yake: herufi zimelalia kushoto, wino mwekundu, siku na mwezi bila mwaka. Fundi hakuhitaji mwaka. Ilikuwa tarehe aliyokufa kaka yake, na kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameitafuta kanda hiyo kimyakimya katika kila sanduku la nyumba yao, akitaka aipate kabla ya mtu mwingine.

"Umeona mambo?" alisema aliyeileta. "Tulidhani ni kumi na sita. Kumbe kuna kitinda mimba."

Aliyeileta alikuwa mwimbaji na mpiga gitaa wa Msumeno Butu, bendi ya watu watatu ya panki, muziki wa gitaa kali na matusi, iliyodumu miaka minne, ikatoa santuri ndogo tatu, ikafukuzwa katika kumbi mbili, na ikaisha siku ile ile iliyoandikwa kwenye kanda. Jukwaani aliitwa Pepopunda, kwa sababu alikuwa akizikwaruza nyuzi za gitaa kwa msumari wenye kutu. Sasa alikuwa na mvi, mjukuu mmoja na goti bovu, lakini jina lilikuwa limemganda. Mpiga ngoma aliitwa Kinu. Mpiga besi, kaka yake fundi, aliitwa Nati.

Vijana ambao hawakuwa hata wamezaliwa wakati ule walikuwa wamezigundua zile santuri tatu, na kampuni moja ndogo ikaomba santuri kubwa ya mabaki: nyimbo za upande B, ule wa nyuma ya santuri, majaribio, mazoezi, nyimbo ambazo wenyewe walizikataa. Pepopunda aliipa jina *Makombo*. "Chakula chenyewe kilishaliwa," alikuwa akieleza kila aliyemuuliza. "Hapa tunakwangua sufuria." Kazi ya fundi ilikuwa kuzitoa sauti kwenye kanda za zamani na kuziingiza kwenye kompyuta zikiwa nzima. Kazi hiyo ndiyo iliyompa riziki kwa miaka kumi na minne.

"Imetoka wapi?" aliuliza.

"Kwa Kinu. Amehama nyumba, akaikuta ndani ya ngoma ya miguu, chini ya blanketi alilokuwa akilitia ili isivume. Nadhani ilitumbukia humo tulipofungasha vyombo baada ya msiba; miaka yote anaipiga teke bila kujua." Pepopunda alicheka, kisha akaacha. "Usiku nimeijaribu kwenye redio kaseti ya mke wangu. Sauti yangu ilikuwa ya kiboko mwenye mafua. Nikageuza upande wa pili, huko ndiyo kabisa, kila kitu kinaenda kinyumenyume."

"Haina upande wa pili," fundi alisema. "Ile mashine yenu ilikuwa ya njia nne. Inajaza upana wote wa kanda kwa mkupuo mmoja, na inaikimbiza mwendo mara mbili. Redio ya nyumbani inasoma nusu tu, polepole."

"Kwa hiyo nusu nyingine hakuna mtu aliyewahi kuisikia vizuri?"

"Hakuna."

Alilijibu hilo kwa sauti yake ya kawaida. Mikono alikuwa ameificha chini ya meza.

Pepopunda alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Yalikuwa maneno ya kijitabu kitakachotiwa ndani ya santuri, na alitaka fundi ayapitie, maana yanamhusu marehemu. Sentensi ya tatu ilisema hivi: *Nati aliuawa na umeme katika chumba chetu cha mazoezi, kwa nyaya zilizofungwa vibaya na baba yake mzazi.*

"Kama kuna neno kali, mdogo wangu, niambie. Mama nimeshamsomea. Amesema acha hivyo hivyo, ndiyo ukweli."

"Nitaisoma."

"Halafu kanda hiyo usiikate hata kidogo. Ndiyo itakuwa ya mwisho kwenye santuri. Kila pumzi yake naitaka. Kiwanda kinafunga kupokea saa kumi jioni, kwa hiyo saa nane nipo hapa, na nitampitia mama nije naye. Nimemwahidi atamsikia mwanawe."

"Mama anakuja?"

"Ameshachagua na kitambaa cha kichwani." Alisimama, goti likalia. "Sikia hilo. Hata mimi mwenyewe sasa ni upande B."

Mlango ulipofungwa fundi hakuinuka. Alikaa na kanda mbele yake mpaka saa ya ukutani ikaonyesha saa tatu na dakika arobaini.

*

Mambo aliyoyajua fundi, na ambayo hakuna mwingine aliyeyajua, yalikuwa machache na yalikuwa na mpangilio.

Siku ile alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu. Chumba cha mazoezi kilikuwa nyuma ya karakana ya baba yake, mchomeleaji vyuma. Kati ya karakana na chumba palikuwa na ujia wa hatua sita, na kwenye ujia huo, meza ya kupigia pasi, kabati dogo la droo mbili, na ubao wa umeme wenye fyuzi za kizamani za kauri, zile zinazong'olewa kwa vidole kama jino bovu. Juu ya mlango wa chumba bendi ilikuwa imeandika kwa rangi nyeusi: ANAYESHIKA WAYA NDIYE ANAYESHIKA FYUZI. Hiyo ilikuwa sheria yao pekee. Walichelewa, walitukanana, walivunja viti vya watu, lakini hakuna aliyegusa waya kabla ya kung'oa fyuzi ya chumba na kuitia mfukoni mwake mwenyewe, ili asitokee mwehu wa kuirudisha.

Yeye alikuja na sare ya shule na pasi. Muziki ulikuwa umenyamaza. Pasi, iliyotumia laini moja na chumba, haikupata moto. Alitazama ubao akaona nafasi moja tupu. Fyuzi zile ziliungua kila wiki, na baba yake alikuwa na kawaida ya kuing'oa iliyoungua akaifunge waya mpya, kwa hiyo nafasi tupu ubaoni haikuwa ajabu. Alitoa nyingine kwenye droo, akaipachika. Taa ya pasi ikawaka. Ndani ya chumba kitu kizito kikaanguka.

Alikwenda hadi mlangoni. Kaka yake alikuwa sakafuni nyuma ya amplifaya. Juu ya rafu, mashine ya kurekodia, ambayo Nati aliinunua ya betri kwa sababu umeme ulikatika ovyo, ilikuwa na taa nyekundu. Taa hiyo ilimaanisha inarekodi. Msichana alirudi ubaoni, akaing'oa fyuzi, akairudisha kwenye droo, akachukua sare na pasi yake, akaondoka. Hakuita mtu. Pepopunda na Kinu, waliokuwa ua wa nyuma wakivuta sigara, walimkuta Nati baada ya hapo. Ni dakika ngapi baada ya hapo, hakuwahi kuthubutu kuuliza.

Katika kumbukumbu yake hapakuwa na mtu mwingine kwenye ujia ule wala sauti nyingine. Palikuwa na ubao, droo na kidole chake gumba.

Fyuzi ya chumba ilikutwa mfukoni mwa marehemu. Nafasi yake ubaoni ilikutwa tupu. Fundi umeme aliyeletwa alisema umeme haupiti penye tupu, basi umepita pengine: laini ya mashine ya kuchomelea imegusana mahali na laini ya chumba, na aliyezifunga laini zote mbili ni mwenye karakana. Walimuuliza baba yake. Alijibu, "Basi ni mimi." Aliifunga karakana mwezi huo. Aliishi miaka kumi na moja zaidi, katika nyumba ambayo mkewe alimwandalia chakula na hakumsemesha.

Binti alikua, akasomea sauti. Watu walidhani ni kwa mapenzi ya muziki.

*

Saa nne na dakika tano alianza kazi. Alifungua skrubu nne, akalinyanyua ganda. Kipande cha sufi kinachoikandamiza kanda kilikuwa kimedondoka na kukauka. Kanda yenyewe ilikuwa nzima, isipokuwa mkunjo mmoja karibu na mwanzo. Alitakiwa kuihamishia kwenye ganda jipya, kazi aliyozoea kuifanya huku akizungumza na simu. Mara hii aliangusha skrubu mara mbili. Mara ya pili alipiga magoti kuitafuta chini ya meza, akajikuta amekaa huko, mgongo ukutani, akihesabu pumzi zake kama anavyofundishwa mtu aliyepandwa na hofu. Alipofika hamsini aliona skrubu iko karibu na kiatu chake.

Kulikuwa na kifaa cha kufutia kanda kwenye rafu ya juu. Kilikuwa na ukubwa wa tofali, sumaku yenye waya na kitufe. Ukipitisha kanda juu yake kwa sekunde nne, kilichokuwemo hakirudi, hata aje fundi wa mafundi. Kanda za umri ule huharibika zenyewe kila siku. Angesema, "Ilikuwa imekufa, kaka," na Pepopunda angesikitika, na mama yake angevua kitambaa cha kichwani, na ingeishia hapo. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ingekaa kimya.

Alikishusha kifaa kile. Akakiweka mezani, upande wa kulia wa kanda. Hakukichomeka.

Kwanza ingiza, alijiambia. Ndio utaratibu. Kwanza ingiza, ndipo uamue. Utaratibu alikuwa akiuamini kuliko nafsi yake.

Saa nne na dakika hamsini kanda ilizunguka, na kwenye kompyuta mistari minne ikaanza kujichora. Ya kwanza ngoma. Ya pili gitaa na besi. Ya tatu maiki ya mwimbaji. Ya nne maiki ya hewa, ambayo Nati aliitundika mlangoni, upande wa ujia, kwa sababu ndani ya chumba kelele zilizidi na yeye alitaka isikike jinsi bendi inavyosikika kwa mtu anayepita. Hatua moja kutoka maiki hiyo ndipo ulipokuwa ubao wa umeme.

Fundi alizima sauti ya njia ya nne kabla haijatoa hata mkwaruzo. Akaiacha mistari itangulie dakika mbili, ndipo akavaa spika za masikioni na kusikiliza kutoka mwanzo.

Wimbo ulidumu dakika mbili na sekunde hamsini. Ulikuwa wa upande B ambao haukupata upande A. Pepopunda alikuwa akimfokea mwenye nyumba ambaye anahesabu hata mende kama wapangaji. Ulikuwa mzuri. Besi ya kaka yake ilikuwa mbele ya ngoma kidogo, ikiivuta. Wimbo ulipokatika zilisikika kelele, mlio wa cheche, Kinu akitukana. Kisha kaka yake, karibu kabisa na maiki ya mwimbaji:

"Soketi inatema. Ngojeni."

Hatua. Mvumo wa amplifaya ukakatika. Hatua zikirudi.

"Msiguse kitu. Fyuzi ninayo mfukoni. Nendeni mkavute hizo sumu zenu."

Hakuna aliyekumbuka kuizima mashine. Mazoezini kazi hiyo ilikuwa ya Nati, na Nati alikuwa ameshika bisibisi.

Dakika ya nne na sekunde kumi na mbili. Pepopunda na Kinu wanatoka, mlango wa nyuma unabamiza. Kaka yake, ambaye hakuwahi kupiga besi bila pamba masikioni, akaanza kupiga mluzi. Fundi alitazama mbele kwenye mistari, mahali ambapo masikio yalikuwa hayajafika. Kwenye dakika ya tano na sekunde thelathini na saba, njia ya pili, palikuwa na mnyoosho mwembamba unaoinuka ghafla: mvumo wa amplifaya unarudi. Mara tu baada yake, nundu moja nene kwenye njia zote nne.

Na kabla ya hapo, kwenye njia ya nne peke yake, vinundu vidogo vidogo. Mtu yuko ujiani.

Alivua spika za masikioni kabla ya kufika. Alikwenda bombani, akanywa, akarudi, akakuta kanda imeisha na mashine imejizima. Kila kitu kilikuwa kimeingia. Sasa kilikuwepo mara mbili.

*

Saa sita na robo mama yake alipiga simu.

"Huyo Pepo wenu anasema anakuja kunichukua. Nivae nini?"

"Mama, vaa chochote."

"Chochote ndiyo nguo gani? Mtu mzima ana mjukuu, anaitwa jina la ugonjwa. Nimemwambia mimi nitakuita mwanangu, hilo lingine nenda kaitwe hospitali."

"Amesemaje?"

"Kacheka. Huyo tangu zamani ukimtukana anaona umempaka mafuta." Mama yake alishusha sauti. "Ipo kweli? Sauti yake?"

"Ipo."

"Anazungumza, au anapiga zile kelele?"

"Anazungumza, mama. Maneno machache."

"Maneno gani?"

Fundi alitazama ukuta. "Anawaambia wenzake wasiguse kitu."

Alisikia mama yake akivuta kiti na kukaa.

"Alikuwa mwangalifu," mama yake alisema. "Mwanangu alikuwa mwangalifu, na angalia alivyolipwa. Haya. Nakuja na mto wangu, hivyo viti vyako vya chuma vinaniumiza."

Baada ya simu hiyo fundi alitengeneza faili mbili. Ya kwanza aliiita *fupi*: wimbo, maneno ya kaka yake, na katika dakika ya nne na sekunde kumi na mbili sauti inafifia, kama kanda iliyokwisha. Ya pili aliiita *nzima*. Hiyo ilikuwa na kila kitu, na njia ya nne ikiwa wazi. Hakuisikiliza. Alijiambia hakuna sababu ya kuisikiliza, kwa kuwa anajua kilichomo. Alijua pia kwamba hiyo si sababu.

Alikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa. Aliwahi kutoa ushahidi mahakamani mara mbili kuhusu kanda zilizochezewa, na mara zote mbili hakimu alimsifu kwa kutoongeza wala kupunguza. Sasa alipiga hesabu ya mambo yatakayotokea *nzima* ikisikika. Mama yake ana miaka sabini na mbili na moyo wake una dawa za asubuhi na jioni. Mama yake ana mtoto mmoja aliyebaki. Ikisikika, atakuwa na wangapi? Alijaribu kuifikiria sura ya mama yake ikigeuka kumtazama, na kila alipofika hapo fikra ilikatika.

Saa saba alikichomeka kile kifaa cha kufutia. Taa yake ya kijani ikawaka. Alishika kanda kwa mkono wa kushoto, kidole cha kulia juu ya kitufe, akakaa hivyo hadi mkono ukafa ganzi. Karatasi ya Pepopunda ilikuwa chini ya kiwiko chake, na sentensi ya tatu ilisomeka.

Saa nane kasoro dakika kumi alisikia gari. Akachomoa kifaa, akakirudisha kwenye rafu. Kanda ilikuwa haijafutwa. Asingeweza kusema kwamba aliamua hivyo. Muda ulikuwa umeisha tu.

*

Walimkalisha mama yake katikati, juu ya mto wake, akiangalia spika. Alikuwa amevaa kana kwamba anakwenda kuposa. Pepopunda alikaa pembeni na kunyoosha mguu.

"Mama, huu wimbo una matusi mawili," alisema.

"Mawili tu? Mlikuwa wagonjwa?"

Fundi alifungua *fupi*. Alibonyeza saa nane na dakika kumi na tisa.

Wimbo ulipoanza mama yake aliziba masikio, kisha akaachia moja, kisha yote mawili. Kidole chake kilianza kugonga paja, kikifuata besi. Cheche. Tusi la Kinu. Halafu sauti: *Soketi inatema. Ngojeni.* Kidole kikasimama. *Msiguse kitu. Fyuzi ninayo mfukoni. Nendeni mkavute hizo sumu zenu.*

Sauti ikafifia mahali fundi alipoififisha.

Pepopunda alikuwa akitazama dari, kidevu kimekazwa. "Tulienda kuvuta," alisema mwishowe. "Tukavuta mbili mbili. Ya pili ilikuwa ya nini?"

"Kwani wewe ndiye uliyefunga nyaya?" mama yake alimkatiza. "Usijitwishe mzigo wa mwenzio. Umesikia mwenyewe, fyuzi anayo mfukoni. Alifanya vyote. Aliyemuua ni yule aliyejiita fundi."

"Mama," alisema fundi.

"Niache niseme, leo nimemsikia mwanangu. Miaka kumi na moja nilimwekea yule mtu sahani mezani na sikumwamkia. Siku anakufa, alinishika mkono. Hakuweza kusema tena, alinishika tu. Nikautoa mkono wangu." Alisema hayo kwa utulivu wa mtu anayeeleza njia ya kufika dukani. "Watu wanasema marehemu hasemwi. Mimi nasema hiyo karatasi iandikwe, na isomwe na kila mtu."

Pepopunda aliichukua karatasi mezani, akaikunjua. "Basi naipeleka hivi. Na wimbo unaishia hapo?" alimuuliza fundi. "Mbona nilidhani kanda ina zaidi?"

Swali lilikuwa rahisi na jibu lake lilikuwa neno moja. Fundi alilifungulia mdomo. Mbele yake kwenye kompyuta majina mawili yalikuwa yamekaa moja juu ya jingine.

"Ina zaidi," alisema. "Niliikata mimi. Kuna njia ya nne, ya maiki ya mlangoni. Sijaisikiliza."

"Kwa nini hujaisikiliza?"

"Naogopa."

Mama yake aligeuka kumtazama. "Unaogopa nini, mwanangu?"

Fundi alifungua *nzima*, akaisogeza mpaka dakika ya nne na sekunde kumi na mbili, akapandisha njia ya nne hadi juu. Akabonyeza kabla mkono haujabadili nia.

Mlango wa nyuma ulibamiza. Mluzi wa kaka yake ulikuwa mbali sasa, ndani ya chumba. Karibu zaidi palikuwa na ngurumo ya mashine ya kuchomelea kutoka karakana, ikikwaruza na kuachia, ikikwaruza na kuachia. Mama yake aliinamisha kichwa, akautambua mlio ule.

Kwenye dakika ya tano na sekunde tatu, kandambili ujiani. Meza ikagongwa na kitu cha chuma. Mtu mdogo akivuma wimbo wa mwenye nyumba na mende, sauti ikikosea.

Kisha sauti ya msichana, kali, ikipazwa kwa nguvu ili ishinde ngurumo:

"Baba! Fyuzi imeungua tena!"

Fundi alishika ukingo wa meza. Hilo hakulikumbuka. Katika miaka ishirini na sita hakuwahi kulikumbuka.

Ngurumo ilikatika. Dakika ya tano na sekunde kumi na tisa sauti ya mwanamume ilitoka mbali, imechoka, haina wasiwasi wowote:

"Weka nyingine! Droo ya kushoto!"

Ngurumo ikarudi. Droo ilivutwa. Vitu vidogo vikapekuliwa. Kauri iligonga kauri, ikaingia. Mvumo wa amplifaya ukainuka, mluzi ukakatika, na ule mwanguko ukaja, mzito, ukitikisa spika za chumba walichokaa.

Fundi hakuisimamisha. Ngurumo iliendelea sekunde tisa nyingine kisha ikazimika. Kandambili zilikwenda, zikarudi mbio. Kauri iling'olewa. Droo ikafunguliwa, ikafungwa. Kandambili zikaondoka, chuma cha pasi kikigonga ukuta njia nzima. Baada yake zilikuja hatua nzito za viatu vya kazi kutoka karakana, zikasimama hapo hapo, chini ya maiki. Droo ikafunguliwa tena, taratibu. Ikafungwa.

Kisha kanda ikaisha, na safari hii ilikuwa imeisha kweli.

Pepopunda alikuwa na karatasi mkononi na hakuwa akiitazama. "Mdogo wangu," alisema, akaiweka karatasi mezani.

"Yule msichana ni mimi," fundi alisema. "Nilikuwa nataka kupiga pasi."

Hakuthubutu kumtazama mama yake. Alitazama mikono ya mama yake, juu ya mapaja, mmoja umeushika mwingine kwenye kifundo, kwa nguvu, hadi ngozi ikageuka rangi. Alingoja. Alisikia gari likipita barabarani, na fremu ya dirisha ikitetemeka, na pumzi ya mama yake ikiingia na kutoka puani.

"Rudisha nyuma," mama yake alisema.

"Mpaka wapi, mama?"

"Hapo aliposema baba yako."

Fundi aliirudisha hadi dakika ya tano na sekunde kumi na tisa. Saa nane na dakika thelathini na tisa alibonyeza tena.